Damu ya Mzee Abdulazizi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Wafaa, binti wa ami yangu, kaja likizo na kompyuta yake ya chuo. Anatengeneza mfano wa damu inavyopita kwenye mshipa wa shingo. Nyekundu inapokwenda kasi, buluu inapozubaa. Nikamuuliza ni damu ya nani. Akasema si ya mtu, ni hesabu tupu. Yeye anaona hesabu. Mimi nikaona posa. Mzee Abdulazizi, muuza vitambaa, kanikatalia binti yake Mayasa mara mbili, eti sina ninachokijua.

Jumatano, 6 Agosti
Wafaa kaenda Kaole kumsalimia shangazi. Nikaichukua kompyuta hadi dukani kwa Mzee. Nikamwamkia, nikamwekesha kidole pembeni ya kioo, nikabonyeza. Damu ikapita. Nikamwambia ndiyo yake, safi kama ya kijana wa miaka ishirini. Akaniita mwanangu! Mikdad, anayemposa Mayasa kama mimi, alikuwa pale akichagua kitambaa cha kanzu. Uso ulimshuka. Siku tamu.

Ijumaa, 8 Agosti
Naona haya hata kuandika. Mzee kaanguka akitoka msikitini. Presha imepanda vibaya. Mikdad ndiye aliyembeba hadi kwenye bajaji. Jioni Mayasa akaja kwetu. Hakupandisha sauti.
"Baba ameacha dawa tangu juzi. Anasema wewe umeiona damu yake."
Nilitazama kandambili zangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Wafaa karudi, kasikia, kanipeleka hospitali, akanitaka niseme kwa kinywa changu. Nikasema yote. Mzee akageukia ukutani, nikaona heri angenitukana. Kisha akasema, "Ungeniambia hujui kitu, ningekufundisha kupima vitambaa."
Nililia ukumbini mbele ya wauguzi. Mikdad alikuwa amekaa kwenye benchi, akimmenyea Mzee chungwa. Akanipa kipande. Hata kumchukia nimeshindwa.

Jumanne, 12 Agosti
Mzee karudi nyumbani, anameza dawa zake, alhamdulillahi. Posa ya Mikdad imekubaliwa. Nimetubu kwa Mungu: damu ya mtu sitaigusa tena maishani.
Asubuhi jirani yetu Bi Mina kalalamikia goti. Alifuatana na mpwa wake Zeyana, kaja juzi kutoka Tanga. Ana macho, huyo binti. Nimewaambia waje kesho, nitalitazama goti kwa kompyuta. Mifupa ni kazi nyepesi. Haiendi popote.