Paka Yumo, Mimi Simo

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amekufa. Alhamisi asubuhi, jikoni. Moyo. Jumamosi tukamzika.

Shemeji, mdogo wake, kaniletea daftari. Anasema silii, siongei, basi niandike, la sivyo nitapasuka kama gunia. Haya, naandika. Shule niliacha mapema. Asiyependa mwandiko wangu asisome.

Mimi ni kibarua wa ukumbi wa opera. Opera ni mchezo wa kuimba tu, hata mtu akiomba maji anaomba kwa wimbo. Mke wangu alikuwa anaimba mbele. Mimi nabeba nyuma. Ngazi, miti ya mbao, ngome ya mfalme yenye magurudumu. Wenzangu wananiita Mgongo. Sheria yetu ni moja: vaa nyeusi, usionekane. Mbebaji akionekana, kazi imeharibika.

Leo kaja Bwana Kimya, msimamizi wa jukwaa, bosi wangu. Jina hilo kalipata kwa sababu kutwa anafoka, "Kimya huko nyuma!" Kanipa pole. Kasema Jumapili alasiri ukumbi utafanya kumbukumbu ya marehemu. Wageni watajaa. Mtangazaji atasoma habari za maisha yake. Nikamuuliza atazitoa wapi. Akasema kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni, dunia nzima inasoma humo.

Alipoondoka, Shemeji kaifungua kwenye simu. Tumesoma yote. Alipozaliwa pamo. Mwalimu wake wa sauti yumo. Malkia wote aliowaigiza wamo, hata yule aliyekunywa sumu. Paka wake yumo! Mistari mitatu! Rangi yake, na kwamba anapenda kulala ndani ya kofia za maigizo, na kwamba alipigwa picha na jarida.

Mimi simo.

Nimesoma tena, kutoka chini kwenda juu. Simo. Ukiwauliza hawa, mke wangu aliishi na paka.

Na paka mwenyewe kakaa kwenye kiti changu, ananitazama. Ugomvi wetu ni wa siku nyingi.

Jumapili watayasoma hayo mbele za watu.

Jumanne, 5 Machi

Habari njema! Shemeji anasema ensaiklopidia hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Yeyote! Sasa mbona hawasemi?

Nimejiandikisha kwa jina la Mume Wake. Nimeandika mwenyewe, kwa kidole kimoja:

"Alikuwa na mume. Ni mimi. Alikuwa mkali lakini wa haki. Alikuwa anakoroma. Siku moja aliimba sebuleni mpaka kioo cha kabati kikapata ufa. Kabati lipo, njooni muone. Nimeona kwa macho yangu. Kazi kwenu."

Shemeji kasoma, kaguna. Kaniuliza kama lazima dunia ijue kuhusu kukoroma. Nikamwambia ukweli ni ukweli.

Nimekwenda kununua mkate. Kurudi, imefutwa! Yote! Na kukoroma!

Kafuta mtu anayejiita Chanzo Kwanza. Kaniachia ujumbe, ana adabu kama karani wa benki. Anasema anasikitika kwa msiba. Anasema kila jambo humo linataka chanzo, yaani liwe limeshachapishwa mahali pa kuaminika. Nikamjibu kwamba chanzo ni mimi, nimelala kitanda kimoja naye tangu ujana. Akajibu kwamba kwa sheria zao mume si chanzo.

Mume si chanzo!

Nikamuuliza, na paka je? Akasema paka ana chanzo. Jarida.

Nimemfukuza paka kitini. Kaniparua.

Jumatano, 6 Machi

Sijalala. Alfajiri wazo likaja. Kama mume hafai, walete mashahidi.

Nimefungua majina matatu. Jirani Mwema. Mpita Njia. Profesa wa Muziki. Jirani kaandika kwamba anamjua mume, mtu safi sana, hana deni na mtu. Mpita Njia kaandika kwamba aliwaona wakitembea pamoja, wanapendeza. Profesa kaandika kwamba kitaalamu, bila mume huyu sauti ile isingetoka.

Nikakaa nasubiri. Nikaisugua simu, nikaizima, nikaiwasha.

Mchana, Chanzo Kwanza kawafungia wote watatu! Nikadhani polisi watakuja. Nikamuuliza kajuaje. Akasema wote wameandika "nimeona kwa macho yangu". Wote wamemaliza na "kazi kwenu". Hata Profesa.

Kanionya kwamba nikirudia atanifungia na mimi. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Kasema, shemeji yangu, wewe hata kuiba embe ungeacha viatu chini ya mti.

Nimemwambia nyumba hii ina msiba.

Alhamisi, 7 Machi

Chanzo Kwanza kaniandikia mwenyewe. Nilidhani kanifungia. Kumbe ni wema! Anasema jana alikwenda maktaba baada ya kazi. Kapekua majarida ya zamani. Kapata mahojiano ya mke wangu, na ndani yake mume katajwa. Tayari kaniingiza. Chanzo kipo. Maneno ya marehemu mwenyewe kanitumia kamili, eti nitapenda kuyasoma.

Nikakimbilia ukurasa. Kweli! Mstari mpya, juu ya paka:

"Aliolewa na mbeba vifaa wa ukumbi huo."

Mbeba vifaa.

Nikaiona Jumapili itakavyokuwa. Mabwana wamevaa tai. Akina mama wana mikoba ya kung'aa. Mtangazaji anasema kwenye kipaza sauti: malkia huyu aliolewa na mbeba vifaa. Mtu wa mstari wa nne anakohoa. Mwingine anacheka puani.

Mahojiano sikuyasoma. Ya nini? Neno moja limetosha.

Nimeufuta ule mstari. Sababu ya kufuta, nimeandika: "mume hakubaliani".

Jioni Shemeji kaona. Hakucheka. Kaniuliza kama nina akili timamu. Eti nilikuwa natafuta kuingia siku tatu, nimefunguliwa mlango, nimetoka kupitia dirishani. Nikamwambia yeye anauza dawa kaunta, kavaa koti jeupe, hajui mtu kuitwa mbeba ni nini. Kasema dada yake hakuwahi kuona aibu. Nikamwambia dada yako alikuwa malkia, malkia haoni aibu.

Paka alikuwa kwenye kiti changu muda wote huo. Upande wa Shemeji, kama kawaida.

Ijumaa, 8 Machi

Chanzo ni kitu kilichochapishwa. Basi nikichapisha mimi?

Nimekwenda ofisi ya gazeti, dirisha la matangazo ya vifo. Dada wa dirishani ana haraka, kalamu iko sikioni. Kaniuliza jina la marehemu. Kaniuliza nani anatoa shukrani. Nikasema mume. Kaniuliza, mume kazi yake? Nyuma yangu foleni inasukuma.

Mdomo wangu ukasema, "Msimamizi wa jukwaa."

Sikuupangia. Umejisemea. Dada kaandika, kagonga muhuri, kaita mwingine.

Nimetoka nje. Lakini si uongo mkubwa. Jukwaa nalisimamia. Ngome ikiyumba, nani anaishika? Bwana Kimya? Yeye ana filimbi tu shingoni na karatasi.

Jumamosi, 9 Machi

Gazeti limetoka! Ukurasa wa ndani, pembeni ya tangazo la godoro. "Mumewe, msimamizi wa jukwaa wa ukumbi wa opera, anawashukuru wote." Jina langu wamelisahau. Haidhuru! Cheo kipo.

Nikaingia ensaiklopidia. Nikaandika: "Ameacha mume, ambaye ni msimamizi wa jukwaa wa ukumbi huo." Nikaweka chanzo, gazeti, tarehe, ukurasa, kama alivyonifundisha mwenyewe. Sikumaliza na kazi kwenu. Mtu hujifunza.

Halafu nikangoja kufutwa. Chai ilipoa. Simu ikaishiwa chaji, nikaomba ya Shemeji. Kakataa. Nikachaji yangu nimeinama kwenye soketi.

Haijafutwa! Chanzo Kwanza kaweka tangazo kwamba yuko safarini mpaka Jumatatu. Mchana Bwana Kimya kapiga simu kwamba mtangazaji keshanakili habari zote, kesho mambo ni moto. Kaniambia nisiwe na wasiwasi.

Kwa nini kasema nisiwe na wasiwasi? Sikuwa nao. Sasa ninao.

Jumapili, 10 Machi

Nimerudi kutoka ukumbini.

Nguo nyeusi ninayo moja, ya kazini. Nikaipiga pasi, nikaivaa. Mlangoni pa mbele kijana mgeni wa kukagua tiketi kanitazama juu mpaka chini. Kasema vibarua mlango wao uko nyuma. Nikamwambia mimi ni mfiwa. Kasema leo wote ni wafiwa, mzee, pita nyuma. Shemeji alikuwa keshaingia, kakaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni yake kitupu. Changu.

Nikapita nyuma. Nikasimama nyuma ya pazia, pembeni ya ngome. Nikajisemea, watakapotaja mume, nitatoka. Nitainamisha kichwa kidogo. Basi.

Wakaimba. Sikuweza kusikiliza. Mkurugenzi wa ukumbi kashukuru waliosaidia, kamwinua Bwana Kimya mstari wa tatu: huyu ndiye msimamizi wetu wa jukwaa, mpigieni makofi. Kasimama, tai nyekundu, mke wake pembeni. Makofi.

Ndipo nikaukumbuka mstari wangu.

Mtangazaji kasoma. Kuzaliwa. Mwalimu. Malkia. Akashusha sauti: "Ameacha mume, ambaye ni msimamizi wa jukwaa wa ukumbi huu."

Ukumbi mzima ukageuka kwa Bwana Kimya. Vichwa vyote, kama alizeti. Na kichwa kimoja kiligeuka polepole kuliko vyote: cha mke wake.

Bwana Kimya kafungua mdomo. Miaka yote ananyamazisha watu, leo kaambiwa aongee, hana neno! Bibi mmoja kamkumbatia. Mwingine kampa maua. Mtu kamwambia, pole sana baba, kumbe ulikuwa unaumia na bado unafanya kazi.

Toka, nikajiambia. Toka useme ni wewe. Nikapiga hatua. Taa ya pazia ikanipiga usoni. Na mguu ukarudi nyuma, peke yake! Umefundishwa miaka yote: mbebaji akionekana, kazi imeharibika. Nikajikuta nimechutama nyuma ya ngome, mfiwa mzima.

Mtangazaji akamalizia na paka. Mistari mitatu. Watu wakafuta machozi.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji kafika mapema. Nilidhani kaja kunitukana. Kanitukana, kweli, lakini kwa ufupi. Keshakwenda kwa mke wa Bwana Kimya kueleza kila kitu. Yule mama kaelewa, ila kasema mume atalala nje kidogo, kwa vile maua aliyapokea.

Chanzo Kwanza karudi safari. Kaufuta mstari wa msimamizi, kaurudisha mstari wake: aliolewa na mbeba vifaa wa ukumbi huo. Kanifungia jina langu. Kaongeza, kwa adabu ileile, kwamba anadhani yale mahojiano sikuyasoma.

Shemeji kaniomba simu. Kaniambia kaa chini. Kanisomea. Waandishi walimuuliza mke wangu anaogopa nini jukwaani. Kajibu:

"Giza. Wimbo ukiisha taa zinazimwa, sioni hata kidole, na shimo la wapiga vyombo liko mbele yangu. Halafu mkono unanishika, unanitoa. Ni mume wangu, mbeba vifaa. Mkono mgumu kama ubao. Siku akinishika mwenye mkono laini, nitapiga kelele watu wakimbie."

Shemeji kamaliza. Kaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nimekaa naangalia mkono wangu. Ni mgumu kweli. Daftari la Shemeji limelowa hapa, mwandiko umevuja. Si mimi, ni chai.

Basi nimo. Mstari mmoja, una chanzo, na aliusema mwenyewe. Sitaugusa. Nimeapa.

Nimeusoma tena na tena. Halafu macho yakashuka kidogo. Mimi mmoja. Paka mitatu.

Kwa nini mitatu? Paka alimtoa nani gizani?

Nimefungua jina jipya, Mpenda Ndege. Hakuna atakayejua. Nimeandika kwamba paka huyo ni mnafiki, hajawahi kumsikiliza marehemu hata wimbo mmoja, akiimba yeye alikuwa anatoka nje. Nimeona kwa macho yangu. Kazi kwenu.

Bwana Kimya kapiga simu. Yuko ukumbini, analala ndani ya ngome. Kaniomba nikiisukuma asubuhi niisukume taratibu, na nimgongee kwanza.

Kesho narudi kazini.