Malalamiko Kuhusu Kitabu Kilichomtuliza Mke Wangu

Tassia, Embakasi

Kwa Dada Wangeci,
Mtunza Maktaba ya Kanisa,
Buruburu.

Dada mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa moyo wangu haujatulia, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Mimi ni Nzivo, mumewe Kavutha wa kwaya ya akina mama. Tangu ile kampuni ya mikate niliyokuwa dereva wake ifungwe, nimekuwa nikishinda kwenye kochi, nikiwaza kwa bidii. Mke wangu naye alikuwa akiwaza pamoja nami, vizuri tu, mpaka ulipomwazima kile kitabu cha kuondoa wasiwasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wasiwasi wa nyumba yetu ulikuwa ukibebwa na watu wawili. Sasa Kavutha ametua upande wake bila notisi, nami nimebaki na mzigo wote, mtu wa mgongo mbaya.

2. Kitabu kinamwagiza ataje kila asubuhi jambo moja la kushukuru. Jumatatu, akikoroga uji, alisema, "Nashukuru Nzivo yupo nyumbani." Nilikuwa nimepanga kununa mpaka jioni. Hebu niambie, Dada, mtu atanunaje ikiwa yeye ndiye baraka yenyewe?

3. Hili ni zito zaidi. Kwa muda mrefu hatukusalimiana na Jawahir, jirani wa juu, kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Mimi binafsi sikuwa na neno naye. Nilimnunia kwa niaba ya mke wangu, tena kwa uaminifu. Kitabu kikasema samehe. Kavutha akapanda ngazi, akasamehe, wakanywa chai, na hakuna aliyenijulisha kwamba vita vimekwisha. Nilipokutana na Jawahir langoni nikageukia ukuta kama kawaida. Akacheka, akasema, "Shemeji, sisi tulishapatana. Wewe umebaki ukigombana na nani?"

4. Sura ya nne inasema mwenye huzuni amsaidie mwenzake. Nilidhani Kavutha atasaidia yeye. Kumbe alinitoa mimi nikasaidie. Hirad, kakake Jawahir, ana gari la kupeleka watoto shuleni, na dereva wake alikuwa ameugua. Nikaitwa. Dada, nilikuwa na huzuni yangu iliyokomaa vizuri, na wale watoto wameimaliza. Hawanyamazi. Mmoja aliniuliza kama twiga akikohoa, hukohoa shingo nzima. Alhamisi, kwenye foleni ya magari ya barabara ya Outering, nilijikuta naimba nao pambio, sauti ya pili. Sasa Hirad anasema hata yule dereva akipona nisiondoke, atatafuta gari lingine. Mtu hawezi hata kukata tamaa kwa utulivu.

Kwa hayo yote, naomba kitabu hicho kiondolewe rafuni. Hilo likishindikana, kiandikwe onyo kwenye jalada, kama dawa: Weka mbali na waume.

Nisalimie mchungaji, kwaya yote, na yule bawabu wa kanisa ambaye huniuliza kila Jumapili kwa nini nimekonda.

Ni mimi, ninayenung'unika kwa upendo,
Nzivo Mutie

Tanbihi: Nilimpa Kavutha barua hii anikagulie tahajia. Aliisoma akicheka, kisha akaketi. Akasema, "Nzivo, mimi bado naogopa kila siku. Nilikuwa nasoma kwa sauti ili wewe usikie. Ningekupa kitabu mkononi, ungekikataa." Ni kweli, ningekikataa. Nikaketi karibu naye, tukaanza sura ya tano pamoja. Barua imekaa mezani wiki nzima tangu siku hiyo. Basi Dada, usikiondoe kitabu. Tuongezee mwezi mmoja. Tunakwenda polepole, maana zamu ya kusoma ikiwa yangu, yeye husinzia begani kwangu, na kesho yake inabidi nirudie ukurasa.