Malalamiko Kuhusu Kioo cha Mwalimu Advera na Mkono wa Doto

Mathias Masolwa,
Mkulima wa tumbaku na mjumbe wa kamati ya shule,
Goweko.

Kwa Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya msingi.

Mwalimu Silasi,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, maana kwa umri wewe ni sawa na kitinda mimba wangu, nami naitikia marahaba. Wewe ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, na kwa utani wetu nilikuwa na haki ya kuja ofisini kwako, nikalie kiti chako na kukudai mbuzi. Sikufanya hivyo. Nimetafuta karatasi yenye mistari, nimeketi mezani, na nakuandikia kwa heshima zote ili uone kwamba safari hii sitanii.

Jambo lenyewe ni somo la ulinganifu ambalo Mwalimu Advera anafundisha darasa la tano, wanakosoma wajukuu zangu pacha, Kulwa na Doto. Nimelazimika kulielewa somo hilo kwa kuwa nyumbani kwangu halizungumzwi jingine. Unachukua kitu, unakikunja katikati, na nusu moja ikilala sawasawa juu ya nyingine, basi kitu hicho ni kilinganifu, na pale ulipokunja panaitwa mstari wa ulinganifu. Mwalimu Advera anacho pia kioo kidogo cha mkobani. Ukikisimamisha juu ya mstari huo, kinakuonyesha nusu ya pili hata kama umeiziba. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi umeanza pale somo lilipotoka darasani likaingia kwangu bila kupiga hodi, kama ninavyoeleza hapa chini.

1. Chapati haziliwi tena kwangu kabla ya kukaguliwa. Kulwa anaikunja, Doto anachungulia kingo zake, kisha wanamweleza bibi yao, Pelagia, kama ina mstari au haina. Juzi zilikosa mstari zote. Mke wangu amepika chapati tangu kabla baba wa watoto hao hajazaliwa na hakuna aliyewahi kumlalamikia, nami nikiwemo, ingawa sababu nimekuwa nazo. Sasa anazikata kwa mfuniko wa sufuria ili ziwe duara kamili. Vile vipande vinavyobaki pembeni ndiyo chai yangu.

2. Nyumba yangu nimeijenga kwa tofali nilizofyatua mwenyewe. Mlango niliuweka upande wa kulia kwa makusudi, ili nikilala niuache wazi na kuona moshi wa bani langu la kukaushia tumbaku, maana bani likishika moto usiku hakuna wa kukuamsha. Watoto hawa wakavuta kamba kutoka kileleni mwa paa hadi chini, wakarudi nyuma, wakatikisa vichwa kama mafundi waliotoka mjini. Kulwa akanishauri nitoboe mlango wa pili upande wa kushoto. Nilipouliza utaelekea wapi, kwa kuwa upande huo kuna ghala la mahindi, akasema si lazima uelekee popote.

3. Kanisani kwetu, kama unavyojua, wanaume hukaa upande wa kulia na wanawake upande wa kushoto. Jumapili iliyopita pacha walisimama mlangoni, wakatazama, kisha wakampelekea katekista taarifa kwamba kanisa limelemaa, kwa sababu ukilikunja katikati, akina mama wengi watakosa mtu wa kulaliana naye. Katekista, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitafuta namna ya kulisema jambo hilo, alilisoma kwenye matangazo neno kwa neno. Kanisa zima likacheka isipokuwa upande wetu. Mimi nilitolewa pale kwenye nguzo ninapoegemea wakati wa mahubiri, nikawekwa benchi la mbele kusaidia kusawazisha. Mwalimu, tangu siku hiyo nasikiliza mahubiri yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

4. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, ndugu Emilian, ana picha yake ya kampeni ambayo bado imebandikwa kwenye mlango wa duka. Watoto wa darasa la tano waliazima kioo, wakakisimamisha katikati ya pua. Upande mmoja ukatoa Emilian mnene, mwenye tabasamu, ambaye ungempa hata mtoto akushikie. Upande wa pili ukatoa Emilian mwembamba aliyetafuna kitu kichungu. Sasa watu wazima wanapanga foleni kuangalia. Wamekubaliana kwamba yule mnene ndiye aliyeahidi kisima, na wanaomba ofisi iwatafutie yule mwembamba wamuulize kimefikia wapi. Emilian amekuja kwangu kulalamika, kwa kuwa watoto ni wangu. Nilimpokea vizuri, ila nakiri kwamba muda wote nilikuwa namtazama pua.

5. Mwalimu Advera aliwapeleka watoto kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na mizigo kwenda pwani. Alitaka wajifunze kusogeza umbo bila kuligeuza: kambi moja, unaisogeza mwendo wa siku moja, unapata kambi nyingine ileile. Nilifurahi, kwa kuwa babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, na jioni nikawasimulia pacha jinsi alivyobeba pembe za ndovu begani. Doto akaniuliza bega gani. Nikamjibu kwamba alibadilisha, likichoka la kulia anaweka la kushoto, asingefika pwani kwa bega moja. Doto aliinama tu akatabasamu. Mtoto wa shule hapaswi kumtabasamia babu yake namna ile.

6. Sasa nafika kwenye lenyewe, na hapa naomba uvae miwani.

Kwetu pacha hulelewa sawa. Anayempa Kulwa ampe na Doto, anayemsalimia mmoja amsalimie na mwenzake, gauni likishonwa hushonwa mara mbili kutoka kitambaa kimoja. Ukibagua, unakaribisha balaa kwenye ukoo. Sijawahi kukosea katika hili tangu walipozaliwa. Tatizo ni kwamba Kulwa alishika kijiko kwa mkono wa kulia na Doto akashika kwa mkono wa kushoto, na hapo usawa ukaharibika kabla hata hawajaota meno yote. Nikasema atarekebishwa. Akiupeleka mkono ule kwenye ugali, namgusa vidole kwa mwiko, taratibu, bila hasira. Wageni wakija anaukalia, ili usijisahau. Alikuwa ameshaanza kuzoea.

Ndipo Mwalimu Advera akawasimamisha mbele ya darasa wakitazamana, akawaambia kila mmoja anyanyue mkono wake wa kuandikia. Kulwa akanyanyua wa kulia, Doto wa kushoto, na mikono yote miwili ikawa upande mmoja, kama mtu na kioo chake. Mwalimu akaliambia darasa kwamba Doto si Kulwa aliyesogezwa pembeni. Ni Kulwa aliyegeuzwa kama kwenye kioo, na umbo lililogeuzwa halina kosa lolote kwa kuwa vipimo vyake vyote ni vilevile. Darasa likapiga makofi. Jioni hiyo Doto alikula ugali kwa mkono wa kushoto mbele yangu na mbele ya karani wa chama cha wakulima, na nilipouinua mwiko akanijibu kwa adabu kabisa kwamba vipimo vyake ni vilevile. Mwiko ulibaki hewani. Karani ndiye aliyeushusha.

Na sasa nasikia kwamba Siku ya Wazazi, mbele ya Mratibu Elimu Kata na kijiji kizima, pacha watachora nyumba ubaoni kwa pamoja. Wataanzia kileleni mwa paa, Kulwa ashuke upande wa kulia kwa mkono wa kulia, Doto ashuke upande wa kushoto kwa mkono wa kushoto. Yaani mkono niliohangaika kuuficha kwa miaka yote hiyo utapigiwa makofi na Mratibu.

Fikiria tunakokwenda. Leo ni Doto. Kesho kila mtoto wa Goweko atataka kutumia mkono aliopewa. Tumbaku itafungwa kwa kushoto, mafundo yatageuka, na mnunuzi atadhani tumemletea tumbaku ya kwenye kioo. Maharusi watavishana pete kwenye mikono isiyotarajiwa na padri atashindwa kujua nani ameoa. Tutapeana mikono ya salamu barabarani na ikose kukutana. Wala hakuna sababu ya fujo hiyo, kwa kuwa mkono wa kulia unaweza kuchora upande wowote wa nyumba. Ni suala la bidii tu.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, naomba kwa unyenyekevu kwamba Doto azuiwe kuchora kwa mkono ule, au zoezi lote lifutwe. Naomba kile kioo kifungiwe kwenye kabati lako. Naomba pia Mwalimu Advera arudi kwenye jedwali la kuzidisha, ambalo tangu nikiwa mtoto sijawahi kulisikia likimfuata mtu nyumbani kwake.

Nikiachia hapo, nisalimie walimu wote, mlinzi, na mama anayepika uji wa shule, mwambie sukari ya wiki iliyopita ilionekana. Pelagia naye anawasalimu, na anauliza kama somo la duara limekwisha. Msalimie pia Mwalimu Advera mwenyewe. Sina ubaya naye hata kidogo, na yule kuku wake mweupe aliyepotea yuko kwangu, anataga vizuri, aje amchukue akipata nafasi.

Ni mimi mzee wako na mtani wako, ninayesubiri jibu na mbuzi,

Mathias Masolwa.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipotoka nje nayo, nikawakuta pacha kwenye ukuta wa bani. Kulwa alikuwa ameshachora kwa mkaa nusu yake ya nyumba yangu, mlango ukiwemo, na amesimama anasubiri. Doto alikuwa ameketi kwenye gogo, ameukalia mkono wake wa kushoto. Mgeni hakuwepo. Nilipomuuliza anafanya nini, akasema anauzoesha, ili Siku ya Wazazi nisione aibu. Mwalimu, iliniuma sana.

Nikachukua mkaa nimwonyeshe nilichokuandikia namba sita, kwamba mkono wa kulia unachora upande wowote. Ukanikatiza mbele ya uso, nikawa sioni ninachochora, na paa langu likaanza kuelekea Usinge. Kulwa akacheka. Nikahamishia mkaa mkono wa pili, nimalizie tu. Huo ni mkono ambao marehemu mama aliufunga ubavuni kwa kipande cha kanga nilipokuwa mdogo kuliko Doto, msimu mzima wa palizi, mpaka ukaacha kuomba. Haukuwa umesahau kitu. Ulishuka na paa, ukashuka na ukuta, ukachora mlango wa pili sawasawa na ule wa Kulwa, na mimi nikatokwa machozi, nadhani ni moshi, ingawa bani halijawashwa msimu huu. Doto akautoa mkono wake chini, akaja kunirekebishia dirisha.

Kwa hiyo barua hii naomba uisomee kwenye kioo. Nilipoandika azuiwe, ujue aachwe, na niwekee kiti cha mbele kabisa, mimi siku hizi nimezoea mbele. Na ukiona mwandiko wa mistari hii umelalia upande mwingine, usidhani kuna mtu aliyenishikia kalamu. Ni mimi yuleyule Mathias, na vipimo vyangu vyote ni vilevile.