Maji ya Mgeni

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Maji,

Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani kwako, na matumbo yenu yametulia. Mimi ni mama wa watoto wanne, mke wa fundi viatu, nyumba ya mlango wa bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Shule sikwenda mbali, kwa hiyo nitaeleza polepole nisijikwae.

Mwezi uliopita ofisi yako ilimtuma dada mwenye fomu apite nyumba kwa nyumba, aulize nani anahitaji maji salama na anayahitaji kiasi gani. Juzijuzi bomba limewekwa, ila limewekwa kwa jirani yangu tunayemwita Mama Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake. Nilipokuja ofisini kwenu kuuliza, karani alifungua daftari akaniambia, "Mama, nyumba yako mahitaji ni kidogo. Maji mnayo, na ni safi." Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Nimeyapa namba ili ukiyakataa uyakatae moja moja.

1. Mlituma mtu mwenye adabu mno. Alibisha hodi, akavua viatu, akaniamkia, akauliza watoto hawajambo. Mtu wa namna hiyo utaanzaje kumtwisha shida zako? Aliponiuliza kama tuna tatizo la maji nikasema hakuna shida mwanangu, tunashukuru. Hata kukaa alikuwa hajakaa vizuri.

2. Akaniuliza tunahitaji maji salama kiasi gani: sana, kiasi, au kidogo. Nikamjibu kidogo tu, mwanangu. Mheshimiwa, hata wewe ukikaribishwa chakula kwa watu, ukaulizwa upakuliwe kiasi gani, huwezi kusema sana. Mama yako angekufinya. Nilisema kidogo nikingoja anishurutishe. Hakunishurutisha. Aliandika.

3. Alikuja na kiu, na hili ndilo kosa kubwa la ofisi yako. Sisi tunateka kisima cha bondeni, tunachotumia pamoja na mbuzi. Lakini ndani nina mtungi mmoja mdogo wenye mfuniko, una maji niliyoyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Ni ya kitinda mimba wangu peke yake, kwa amri ya muuguzi wa zahanati, maana mkaa hautoshi kuchemshia nyumba nzima. Hayo ndiyo niliyompa mgeni. Ningempa ya mbuzi? Akanywa vikombe viwili, akasema, "Mama, maji yenu matamu," akaandika tena. Mtungi ukakauka. Siku hiyo kitinda mimba akanywa ya kisimani kama wenzake, na kesho yake tumbo likamwendesha. Tumeshinda zahanati siku tatu. Muuguzi alimweka kwenye mizani akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama, huyu tumbo likimharibika tena, sijui nguvu za kuanza shule atazitoa wapi." Sare tulishamshonea. Sasa anapwaya ndani yake kama amejificha.

4. Mama Kipaza hakumkaribisha dada yule ndani. Alimsimamisha juani, akamsogezea ndoo yenye viluwiluwi mpaka puani, akamwambia, "Waandike hao. Au nikutajie na majina yao?" Yeye amepata bomba. Mwanangu mkubwa amelitazama bomba, akaniuliza kwa nini sisi tulifundishwa kusema asante. Kila akiniona, Mama Kipaza ananiita kwa ile sauti yake, "Wewe, njoo uteke, unaniogopa?" Nimekwenda mara mbili. Mara ya tatu haya ilinirudisha na ndoo yangu, nikamwambia asante jirani, tunayo ya kutosha. Hilo nalo ni kosa la ofisi yako, maana bomba lingekuwa kwangu nisingehitaji kukaribishwa.

5. Wadudu walioko kisimani hawakuhojiwa. Wao wangesema kweli.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, safari nyingine mtutumie mtu mkorofi, aliyekwisha kunywa maji kwao, asiyesalimia mtu. Aingie na viatu. Aniulize kwa ukali, nami nitapata pa kuanzia. Pili, kama ofisini kwako hakuna wa hivyo, mfanye semina ya siku moja ya kutufundisha utovu wa adabu, sisi akina mama tukitangulia. Nitakuja mapema na nitakaa nyuma nisiwasumbue. Tatu, kama daftari halifutiki, basi naomba barua yenye mhuri iende kwa tumbo la mwanangu, kulijulisha kuwa maji ya nyumba hii ni safi. Mpaka leo halijapata taarifa, linafanya kazi kwa kukisia.

Nisalimie makarani wote, na yule mlinzi wa getini aliyenipisha kivulini. Mama watoto wako mwambie mwenzake anamsalimu.

Ni mimi mwenye mahitaji makubwa,
Mama wa mlango wa bluu

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, dada mwenye fomu akabisha hodi. Ametumwa kuhakikisha majibu ya mwanzo. Mimi uso nilikuwa nimeshaukunja, maana nimeufanyia mazoezi kwenye kioo tangu juzi. Lakini amekuja kwa miguu na kisigino kimemchubuka. Kabla sijafungua mdomo, kitinda mimba ametoka ndani na kikombe kwa mikono miwili, kimejaa, cha mtungi wake mwenyewe. Dada akamwuliza, "Eti mdogo wangu, mna shida ya maji hapa?" Akajibu, "Hatuna shida, dada. Karibu." Sasa ningemwumbuaje mtoto mbele ya mgeni? Alipouliza tunahitaji kiasi gani, nikasema kidogo tu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hayo ya juu uyafute. Barua nampa yeye mwenyewe akuletee, kwa kuwa anarudi huko, na usimgombeze, ni mtoto wa watu. Nakomea hapa, mtungi ni mtupu na jiko sijawasha.