Bahari ya Zadock kwa Hoteli ya Mama Adongo

Ukimwuliza Zadock mwenyewe, Ziwa Victoria ilikuwa inamjua kwa jina. Akikanyaga tu ufuo wa Dunga, mawimbi zinapunguza sauti kama darasa imeona mwalimu mkuu! Watu wengine waliona tu kijana anaosha magari kando ya ziwa, suruali imekunjwa mpaka magoti, vidole vya miguu vimejikunja kama samaki wadogo wa omena ya juzi. Lakini yeye alijiita Injinia wa Maji, na ukimwita Zadock tu, anakuangalia kama mtu amepotea njia.

Sasa Mama Adongo, mwenye hoteli ya samaki hapo karibu, alienda harusi Mombasa akaona tangi ya kioo. Ndani kuna maji ya chumvi, mawe hai ya baharini yenye rangi, na samaki wadogo wamevaa kama kwaya siku ya mashindano. Akarudi hawezi kulala. Kila hoteli Dunga ina samaki kwa sahani. Yeye alitaka bahari kwa ukuta.

Vitu vyote alinunua kwa Mzee Hemedi, mwenye duka la samaki wa mapambo huko mjini. Hemedi akafunga kioo, akachanganya chumvi, akasema imebaki kupanga vile maji itazunguka, na hiyo inataka mtu mtulivu. Mama akauliza nani hapa anajua maji. Kabla swali iishe, Zadock alikuwa amesimama mbele yake anadondosha sabuni.

Mama akampa ahadi. Bahari ikikaa sawa mpaka Jumamosi, siku wamama wa chama yake wanakuja kuifungua, Zadock atashika funguo za gari yake ya Probox awe dereva wa kuleta samaki kutoka Luanda Kotieno. Dereva! Mtu mkavu! Zadock alisikia miguu ikianza kukauka hapo hapo.

Hiyo Probox ilikuwa na ugonjwa moja tu. Mama anajaza petroli, Zadock anaiosha, kesho mshale wa petroli umelala. Mafundi walifungua kila kitu mpaka wakachoka. Zadock ndiye aligundua shida.

"Ni hii joto ya Kisumu, Mama," alimwambia. "Petroli inageuka hewa, inapanda juu. Unaona vile mvua yetu inakujanga na hasira? Hiyo ni petroli ya watu."

Mama akanunua turubai ya kufunika gari.

Basi Hemedi akamweleza Zadock kazi. Tangi kubwa iko juu, ndogo iko chini ndani ya kabati. Maji ya juu inamwagika chini, pampu inairudisha juu na bomba. Halafu kuna feni mbili ndogo za ndani ya maji: unaziangalisha, mikondo zigongane katikati, maji isilale kwa kona yoyote, kwa sababu mahali maji inalala, uchafu unaoza. Na hiyo bomba ya kurudisha ina katundu kadogo karibu na uso wa maji.

"Hako usikaguse, kijana," Hemedi alisema. "Stima ikipotea, kanaingiza hewa, maji inasimama."

Zadock aliitikia kama mtu anaelezwa jina yake mwenyewe. Mzee alipotoka mlangoni, yeye akaanza kurekebisha makosa ya Mzee.

Kwanza alipeleka feni zote upande moja, akazipa nguvu yote. Wueh! Mchanga ukaamka, tangi ikawa uji. Samaki wakapita kwa kioo kiupande upande kama wachuuzi wamefukuzwa na askari wa kanjo. Awuor, mpishi, akatoka jikoni na mwiko.

"Omera, hizo samaki zinaogelea ama zinafuliwa?"

"Ni mazoezi," Zadock akasema. "Samaki ya bahari ni jeshi."

Lakini akazirudisha feni polepole, akijifanya ndivyo alitaka. Halafu akaona nyuma ya jiwe kubwa uchafu umekaa. Akaunganisha bomba ya kurudisha na kipande cha mpira mwembamba kutoka kwa begi yake, ukafika mpaka chini kabisa ya tangi ya juu ufagie huko. Awuor akauliza mwoshaji wa magari anatembea na mpira kama huo wa nini. Akajibiwa ni siri ya kazi.

Kakabaki tu kale katundu, kanatema maji kama mtoto anaota meno. Zadock alitoa chingamu mdomoni, akaziba. Bomba ya injinia haivuji!

Jumamosi bahari ilikuwa safi kama macho ya malaika. Samaki walitembea pole pole kama watu wametoka kanisani na hawana haraka ya kupika. Wamama wa chama wakajaa na vitenge vya kufanana. Zadock alikuwa na shati nyeupe mpya, na huko nje, chini ya turubai, mshale wa Probox ulikuwa umelala tena.

Akaweka mkono kwa kioo. "Wamama, maji inajua mkubwa wake. Mimi nikiiambia panda, inapanda."

Stima ikapotea.

Ndani ya kabati kukasikika gulu, gulu, gulu. Maji ya juu ikaanza kushuka kama imeitwa nyumbani. Tangi ndogo ikajaa, ikafurika, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, na Bahari ya Hindi ikaingia Dunga! Wamama walipanda viti. Ndege marabou moja akasimama mlangoni kuangalia menyu. Zadock alikimbia kuzima swichi ya stima ambayo haikuwepo.

Awuor alikuja na sufuria kubwa, akachota samaki na maji yao. Mteja wa pale kona, ambaye alikuwa amengoja chakula tangu asubuhi, akauliza kama hatimaye hiyo ni yake.

Mama Adongo alikuwa juu ya kiti. "Stima hakuna. Pampu imekufa. Sasa hii maji inashuka aje?"

Zadock angenyamaza. Lakini chama nzima ilikuwa inamwangalia, na aliona Injinia anakufa mbele ya macho yake.

"Hiyo ni sayansi, Mama. Mpira ukishajaa, kichwa moja juu, ingine chini, haihitaji mashine. Inajivuta yenyewe mpaka iishe."

"Mpaka iishe."

"Yote. Maji, mafuta, chochote."

"Na mtu akitaka kuianzisha?"

"Unanyonya kidogo na mdomo, ikikaribia meno unaachilia. Lakini inataka ujanja, Mama, ama utacheua petroli siku nz..."

Hata marabou aligeuza shingo kumwangalia.

Mama Adongo alishuka kutoka kwa kiti, mguu moja, halafu mwingine. "Zadock," alisema. Si Injinia. "Ile yangu inageukanga hewa, inapitia mdomo ya nani?"

Samaki walihitaji kufika kwa Hemedi kabla wachoke, kwa hivyo Probox ilibidi itoke. Mama alishika usukani, Awuor akakaa kando yake na sufuria kwa mapaja. Nyuma, na shati nyeupe imelowa chumvi mpaka kola, Zadock akasukuma kuelekea petroli stesheni, boda zote za Dunga zikimsindikiza na honi.

Barabara ilipoanza kupanda, akasimama kupumua. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Sukuma, Injinia. Hii haijivuti yenyewe."