Namba ya Mguu wa Bibi Mwanajuma

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, waliopo, waliopita na watarajiwa, baba paroko, mchungaji wetu wa Moraviani, shehe wetu na ndugu zetu wa mjini, wazee, akina mama, na ninyi mliokuja kwa treni kutoka Tura na Kigwa: itifaki imezingatiwa, lakini kwa faida ya kamera naomba niizingatie tena. (Makofi. Mpiga picha anasogea.)

Ndugu wananchi, mkoa huu umejengwa na miguu. Babu zenu walibeba mizigo kutoka Unyanyembe hadi pwani na hakuna aliyedai posho ya safari. (Mzee Kashindye anaguna.) Kwa hiyo damu inapoganda kwenye mshipa wa mguu inazuia historia, inazuia uchumi, na mimi, kwa mamlaka niliyopewa, nimekataa. Kupitia mkakati shirikishi, mtambuka na wa kidijitali, nimesimamia mwenyewe upangaji wa namba za malipo kwa huduma zote za kuondoa damu iliyoganda, maana bima hailipi ugonjwa, inalipa namba. Damu ikivutwa kwa mrija, ina namba yake. Ikiyeyushwa kwa dawa, nyingine. Mguu wa kushoto namba, wa kulia namba, na kwa wenye pupa, yote miwili kwa mpigo. Wenzetu huanza na daktari, wakaja kwenye mashine, ndipo wahangaike na namba. Sisi tumeanza na lililo gumu. (Vigelegele kutoka jukwaa kuu.) Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na ushee.

Ushahidi ni Bibi Mwanajuma wa Tura, ambaye mguu wake wa kushoto umevimba kama gogo la mninga. Simama, bibi, uonekane. (Anashindwa kusimama. Makofi.) Tulipoijaribu sistimu tuliingiza jina lake, nayo ikapokea bila kinyongo: damu imeondolewa, mgonjwa ameruhusiwa. Sasa bibi analalamika kwamba huko alikopelekwa kwa rufaa wamemrudisha, kwa kuwa bima inamwona ameshatibiwa. Ananiambia, "Mwanangu, mimi bado naumwa."

Shikamoo, bibi. Pole sana. Lakini tukikufuta, asilimia itashuka, na mgeni rasmi keshaisoma redioni. (Binti wa bibi, Najiat, anainuka, mgambo anamkalisha.)

Tuchangamke, jamani! Nikisema "Namba kwanza", mnaitikia "Mguu baadaye". Namba kwanza! (Jukwaa kuu: Mguu baadaye!)

Kwa haya machache, namshukuru Dakta Gerson, ambaye angekuwa bingwa wetu kama angeajiriwa. Namshukuru fundi Sabiri kwa kutuazima mlango na fremu yake tukapata pa kufungia utepe wa uzinduzi. Arudishiwe leo hii, mteja anausubiri. Na wewe Najiat, nakuona unamkokota mama kuelekea mlangoni. Rudi naye, mwanangu. Nyuma ya huo mlango hakuna wodi, ni shamba la karanga la watu.