Nani Atashika Micro Mususa?

Jumatatu, 25 Mei

Aibu! Nimetoka kwenye mkutano wa kamati na masikio bado yananiwaka.

Jumamosi ni Siku ya Familia ya quartier yetu, mtaa huu wa Mususa, hapa Butembo. Sherehe, fête ya kwanza tangu vurugu zilipotuzoesha kujifungia nyumbani. Itakuwa uwanja wa shule, mchana kweupe, wazee na watoto, Wakatoliki na Waislamu, wenyeji na wale waliokimbia vijiji vyao. Kutakuwa na ngoma, kwaya, kuvuta kamba, mbio za magunia. Na mtu mmoja atashika micro, kile kipaza sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo ni mimi. Yaani, alipaswa kuwa mimi. Nani mwingine? Ninatengeneza radio! Nimeishi na sauti maisha yangu yote!

Mama Kaswera, présidente wa kamati, akasimama na kutangaza kwamba micro itashikwa na Papa Djuma. Watu wakapiga makofi. Makofi! Djuma ni dereva wa lori, leo Beni, kesho Butembo. Anajua nini juu ya micro? Eti ana sauti nzuri na kila mtu anampenda. Hizo nazo ni sababu?

Nikauliza, kwa heshima, mimi Maliro nimepangiwa kazi gani. Mama Kaswera akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa, akaniita kwa jina la binti yangu.

"Papa Hadassa, weye utachunga mbuzi."

Mbuzi ndiye zawadi ya mbio za mwisho, za mzazi na mtoto, wanaokimbia wamefungwa mguu kwa mguu. Niliinamisha kichwa. Mbuzi!

Na hali ni mbaya kuliko hapo. Mke wangu Kavugho yuko kijijini Kipese kwa mama yake tangu Pasaka. Alisema anaenda kusaidia kuvuna viazi. Viazi vimevunwa, vimeuzwa, vimeliwa. Yeye bado. (Ni habari ya wale sungura niliowafuga chumbani kwetu ili tutajirike. Sitaki kuiandika.) Jumamosi atashuka kuja kumwona binti yetu, Hadassa. Atanikuta nimeshika nini? Kamba ya mbuzi. Atapanda gari lilelile kurudi Kipese. Basi donc, nitaipata ile micro.

Hadassa, yeye, anacheka tu. Yuko mwaka wa tatu wa shule ya msingi na anataka tukimbie pamoja zile mbio. Amekwisha kukata kipande cha kitenge cha kutufunga miguu. Anataka mazoezi leo leo. Nimemwambia kesho. Leo Papa anafikiri.

Jumanne, 26 Mei

Mpango wa kwanza. Rahisi, safi, hauna damu.

Nilikwenda kwa Mama Kaswera. Alikuwa anakaanga mandazi. Nikamwambia kwa sauti ya masikitiko kwamba kesho ni sikukuu ya Waislamu, Papa Djuma ataifanyia Beni kwa wazazi wake, na nimesikia hatarudi mpaka wiki ijayo. Hasara iliyoje kwa fête yetu! Labda atafutwe mtu mwingine. Mtu aliye karibu. Mwenye ujuzi wa sauti.

Mama Kaswera akageuza mandazi, akasema ni ajabu. Kisha akaita kuelekea nyuma ya nyumba: kumbe Papa Djuma unaenda Beni?

Djuma akatokea na nyundo mkononi! Alikuwa anamtengenezea mlango wa jikoni. Bure! Akasema hapana, mwaka huu wazazi wake ndio wanaopanda kuja Butembo. Akanisalimia vizuri sana. Akaniambia nikae, mandazi bado ya moto.

Nikasema simu yangu inalia. Simu ilikuwa mkononi mwangu, imezimika tangu asubuhi. Wote wawili waliiona.

Hadassa alikuwa ananingojea uani na kile kitenge. Nilikuwa na huzuni nyingi mno, sikuweza kukimbia.

Jumatano, 27 Mei

Sikukuu. Djuma amekuja na kanzu nyeupe na sahani ya pilau, nyama juu. Anapitia majirani wote. Kampeni ya wazi! Moyoni nilikataa. Kwa mdomo nilisema karibu, asante, umejisumbua bure. Pilau ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilipokuwa ninakula, yeye akatazama uani. Hadassa alikuwa anarukaruka huku mguu wake umefungwa kwenye mguu wa kigoda. Anaruka, kigoda kinaanguka, anakiinua, anaruka tena. Djuma akamuuliza ni mchezo gani huo.

"Papa iko na kazi," akajibu. "Hii kigoda njo Papa."

Kigoda ndicho mimi! Djuma akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanigeukia.

"Voisin, jirani yangu, mutoto iko anakungojea."

Nikamjibu kwamba mambo ya binti yangu ninayajua. Akaitika tu. Kisha akaenda akachuchumaa kando ya Hadassa na kumfundisha: anza na mguu uliofungwa, hesabu kwa sauti, moya, mbili, moya, mbili, hapana kutazama chini. Kwa kanzu yake nyeupe! Uani kwangu! Hadassa alifurahi hadi majirani wakasikia.

Sahani nimeirudisha imeoshwa. Nina adabu mimi.

Alhamisi, 28 Mei

Haleluya! Akili yangu imerudi!

Kamati imeleta sono, vyombo vyote vya sauti, katika atelier yangu, karakana ya radio, ili niipime kabla ya Jumamosi. Ampli, baffles zile spika kubwa, micro, vyote viko mbele yangu. Wameniletea wenyewe. Sikuwaomba.

Mpango ni huu. Katika waya wa micro nimetia kitufe kidogo, cheusi, hakionekani. Waya utapita chini ya meza ya ampli, nami nitakaa kando ya meza na mbuzi wangu, mpole kama mlinzi wa kanisa. Djuma ataanza kusema. Nitabonyeza. Kimya! Djuma atatafuna hewa mbele ya watu. Ndipo nitainuka na megafoni yangu na kuokoa sherehe. Watu watauliza, nani huyu aliyetuokoa? Na Kavugho atakuwa amesimama palepale.

Nimekijaribu kitufe. Kinazima vizuri sana. Kuwasha, kinasitasita kidogo. Si neno. Kuwasha si lengo langu.

Hadassa alikuja atelier kuuliza kama leo tutafanya mazoezi. Nilikuwa nimeshika chuma cha moto cha kulehemu. Mtoto hasogelei chuma cha moto. Nilimwambia arudi nyumbani.

Ijumaa, 29 Mei

Kavugho amepiga simu! Nilimwambia kesho mimi ndiye nitakayeongoza fête nzima, kila mtu amenichagua. Ilinitoka tu.

 Akasema kwa sauti laini, sauti ambayo sijaisikia tangu kabla ya sungura, kwamba micro haimpi usingizi wala haimkoseshi. Kilichomfurahisha ni kingine.

"Hadassa aliniambia muko munafanya mazoezi kila siku. Ni kweli?"

Nikamtazama Hadassa. Alikuwa mlangoni, anatazama miguu yake. Kumbe amenifichia aibu kwa mama yake! Wiki nzima!

Nikasema ni kweli. Kila siku. Tunakimbia kama upepo.

Baada ya simu nilitaka kutoka uani naye, naapa nilitaka. Lakini mbuzi akaletwa, dume lenye ndevu na macho ya hakimu. Mara ya kwanza tu alinipiga kichwa gotini. Nimekaa na kitambaa cha maji ya moto gotini mpaka jua limezama.

Jumamosi, 30 Mei

Nimekwisha. Naandika ili angalau karatasi inihurumie.

Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi, halafu jua likatoka. Uwanja ulijaa. Sijaona watoto wengi hivyo wakicheka mahali pamoja tangu siku nyingi. Mabibi walileta viazi vya kuchemsha, wasichana wa Kiislamu waliimba, kwaya ya parokia ikajibu. Mimi nilikaa kando ya meza ya ampli. Kamba ya mbuzi nimeifunga kwenye mguu wa meza. Kitambaa cha meza kinafika chini. Kila kitu tayari.

Djuma akashika micro, akasema wapenzi majirani. Nikabonyeza.

Kimya!

Nikainuka na megafoni. Nikafungua kinywa. Lakini Djuma alikuwa ameshaweka micro chini, amekunja viganja kinywani, akaita kwa ile sauti ya madereva wanapokusanya abiria wa Beni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wakasogea karibu naye. Akaimba, wakaitikia. Bila micro alikuwa mara mbili ya Djuma mwenye micro! Mimi nikasema mabibi na mabwana ndani ya megafoni. Bibi mmoja akaniomba kwa upole niketi, ninamziba asione.

Halafu Mama Kaswera:

"Fundi iko wapi? Papa Hadassa, ingia chini, utengeneze!"

Nikaingia chini ya meza kutengeneza kitu nilichokiharibu mwenyewe. Kitufe kikakataa kuwasha. Nikafungua waya. Nikafunga. Nikakata, nikaunganisha. Mbio za magunia zilipita. Kuvuta kamba kulipita. Niliona miguu tu.

Ndipo Djuma akaita mbio za mzazi na mtoto. Nikasikia miguu midogo inakuja mbio, ikasimama mbele ya kitambaa.

"Papa! Banatuita!"

Nikamwambia ninakuja, kidogo tu. Na hapa niseme ukweli: ningeweza kutoka. Miguu yangu ilikuwa huru. Lakini palepale ampli ikatoa mngurumo mdogo. Ilikuwa inarudi! Nikafikiri, ikirudi sasa, nitatangaza mbio nikiwa ninakimbia, micro mkononi, Hadassa mguuni, Kavugho akitazama. Waya mmoja tu.

"Papa, bote bamesimama."

"Minakuya, mama. Waya moya tu."

Ile miguu midogo ikangoja. Halafu ikaondoka polepole.

Nikafunua kitambaa kidogo. Hadassa alikuwa amesimama peke yake mstarini, ameshika kile kipande cha kitenge kwa mikono miwili. Kila mtoto na mtu wake. Mama Kaswera akatazama huku na huku. Djuma akauliza jambo, Hadassa akaitika kwa kichwa. Djuma akapiga goti, akafunga mguu wake na wa binti yangu.

Nikapiga kelele kwamba niko hapa, ninatoka! Nikavuta waya. Waya ukamgusa mbuzi. Mbuzi akaondoka, na mguu wa meza ukaondoka naye. Meza ikanilalia. Ampli ikanilalia. Nyaya zikanizunguka kama samaki ndani ya wavu. Na wakati huohuo, baffles zikawaka! Uwanja mzima ukanisikia waziwazi, nikilia jina la mama yangu.

Lakini hawakunitazama. Walikuwa wanatazama mbio. Nami niliona yote, kutoka chini ya ubao. Moya, mbili, moya, mbili. Hadassa hakutazama chini hata mara moja. Walishinda mbali kabisa. Mabibi wakapiga vigelegele, wasingya, wasingya, asante kwa lugha ya kwetu! Mbuzi alikamatwa katikati ya kwaya.

Kisha viatu nilivyovijua vikasimama mbele yangu. Kando yavyo, sanduku. Si mfuko wa kuja na kurudi. Lile sanduku kubwa aliloondoka nalo Pasaka.

Kavugho akachuchumaa.

"Papa Hadassa, uko unafanya nini chini ya meza?"

"Minatengeneza micro."

"Nani aliiharibisha?"

Nikakifunika kitufe kwa kiganja. Hakunikasirikia, na hilo lilinitisha kuliko hasira yoyote. Akaanza kufungua nyaya miguuni mwangu, moja moja, kwa mikono yake ya viazi. Alipomaliza alisimama na kuinua sanduku.

"Minaenda kwa Mama Kaswera na mutoto. Siku utatoka chini ya meza, utakuja kuniita."

Nilimwambia nimeshatoka. Nilikuwa nimesimama kabisa! Akasema hapana, bado.

Jumapili, 31 Mei

Nyumba kimya. Sikwenda misa, kwa sababu ya goti na kwa sababu ya watu.

Djuma alipita saa za mchana. Alikataa kuketi. Alisema Kavugho yuko kwa Mama Kaswera, si mbali, anapika, hana ubaya moyoni. Akasema niende sasa, hivihivi nilivyo, nimwambie mtoto nisamehe, basi. Maneno machache. Kama ninaona haya kupita peke yangu, atanisindikiza. Nilimshukuru. Ni mtu mwema, Djuma. Nimelia kidogo alipoondoka.

Kisha nikakaa na kuchunguza kwa utulivu kosa lilikuwa wapi. Sasa naliona. Meza! Ilikuwa nyepesi mno. Kwa meza nzito, ya mbao ngumu za Luofu, mbuzi asingeweza kitu, na leo Mususa nzima ingekuwa inalitaja jina langu.

Na hapo hapo radio ikatangaza: tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, kutakuwa na gwaride la watoto wa shule, na wanatafuta mtu wa kulitangaza. Mungu hamwachi mtu wake! Kavugho atakuwepo. Hadassa atapita mbele yangu, nami nitamtaja kwa jina, kwa sauti, mbele ya jiji zima. Hakuna msamaha mkubwa kuliko huo. Mpango unahitaji tu kofia, meza nzito, na Djuma awe safarini siku ile. Lori huharibika. Mambo hutokea.

Hadassa yuko mlangoni. Ametumwa na mama yake. Anasema chakula kiko tayari, wananingojea nile nao, Mama amesema nije tu.

Nimemwambia angoje kidogo, Papa anaandika jambo la maana.

Nimeinua macho sasa hivi. Ameshaondoka. Vizuri. Sasa naweza kufikiri.